Pampu Mbili, Kufuli Moja

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, hata nikinawa mikono. Ilikuwa Mishomoroni kwa Bi Zuhura, anamwoza bintiye. Pale pana visima viwili, cha mbele na cha nyuma, kila kimoja na pampu yake. Tangi likikauka, pampu isiyofungwa huwaka yenyewe. Aliyeandika programu ya kuziendesha kwa simu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Lua, ni Saidi. Namtaja, simfichi.

Mimi niliitwa kuzibua pampu ya nyuma. Nimeishia darasa la sita, lakini visima navijua. Nikamwambia, "Saidi, tuzime swichi kubwa."

"Mjomba nawe, waogopa nini? Swichi kubwa yazima zote, na pilau watapikia mate? Ya nyuma nishaifunga kwa simu. Shuka."

"Wallahi?"

"Wallahi. Au nikushike mkono?"

Wapishi wakacheka. Nikashuka kwa ngazi.

Maji yakanifika kiunoni. Waya wa pampu ulikuwa umechubuka, karibu kabisa na mkono wangu. Nikauona, nikajiambia, imefungwa hiyo. Mara nikamsikia Bi Zuhura juu: "Saidi, tangi limekauka! Mbona ya mbele imesimama? Nifungulie!"

"Haya, mama." Akabonyeza.

Ya nyuma ikanguruma. Mkono wa kushoto ukakamatwa na umeme, sauti ikakauka, nasikia vigelegele vya arusi tu. Mzee Athmani, jirani, ndiye aliyeona ngazi yatetemeka, akaikata swichi kubwa bila kuuliza mtu.

Waliponitoa akamgeukia Saidi: "Wafungua mlango wa jirani, na wangu wafunguka! Kufuli gani hiyo?"

Saidi akaifungua programu. Alikuwa na klasi moja, Pampu, ndiyo ramani, na pampu mbili, ndizo objekti, zilizoundwa kutoka humo. Ndani ya amri za kufunga na kufungua aliandika Pampu.imefungwa badala ya self.imefungwa. Kufuli ikakaa kwenye ramani, si kwenye pampu. Kufunga ya nyuma kulifunga zote, kufungua ya mbele kukafungua zote.

"Nilizijaribu moja moja, mjomba," akasema.

Watu husema ajali haina kinga. Mimi sikubali. Vidole vyangu havikunjiki, na pampu ya jirani ikinguruma natoka nje.

Basi wewe unayejifunza Lua, sikia. Cha objekti kikae kwenye self, maana self ni yule yule aliyeitwa, si mwenziwe. Andika amri kwa nukta mbili, Pampu:fungua(), na uiite kwa nukta mbili vilevile. Ukiita kwa nukta moja tupu, self haina mtu na programu itakufia. Unda objekti mbili, badili moja, kisha itazame ya pili. Na mtu akiwa kisimani usimwapie kwa simu. Zima swichi kubwa, arusi ingoje. Kawia ufike.

Mola aihifadhi mikono yako, mwanangu, na ya kila atakayeshuka akiamini ulichoandika.