Magunia ya Watu Tisa

Mkwe wangu hakunificha. Alinipigia simu kutoka Dar akasema mtoto ana miezi minne tu, na hatamlaza kwenye nyumba yenye panya. Krismasi ya mwaka uliotangulia, akiwa mjamzito, alikuta mavi ya panya kwenye rafu ya vyombo. Hakusema neno, ila siku zote alizokaa alikula ndizi za kuchoma peke yake. Mimi nikadhani ni mimba inachagua.

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nimelea watoto saba katika nyumba hii hii ya mlimani, na panya walikuwapo. Homa zilipokuja, zote tuliziita malaria, tukanywa dawa, basi. Leo nije kufundishwa usafi na mtu niliyemlipia mahari! Lakini mjukuu wangu wa kwanza nilikuwa namjua kwenye kioo cha simu tu, na Desemba Mchagga asiporudi nyumbani watu huuliza kuna nini.

Nikajifunga kanga, nikapanda darini na ufagio.

Dari letu liko juu ya jiko. Zamani moshi wa kuni ulipanda kutwa, mahindi yakakauka na panya hawakupapenda. Tangu mume wangu afariki napikia gesi, maana kuwasha kuni kwa sufuria ya mtu mmoja ni kujichosha bure. Moshi ulipokatika, panya wakahamia huko juu. Na nikiri jambo la aibu: jioni walipokimbizana juu ya kichwa changu, sikuwachukia kama ilivyonipasa. Angalau palikuwa na vishindo ndani ya nyumba.

Mhudumu wa afya wa kijiji, binti wa jirani yangu, alinikuta nikitimua vumbi huko juu. Aliniamkia shikamoo, kisha akaninyang'anya ufagio. Akaniteremsha na kunieleza kwamba mkojo na mavi ya panya yakikauka, vumbi lake huingia puani, na kuna magonjwa humo. Nifungue madirisha kwanza nitoke nje. Kisha nivae glavu na barakoa, nimwagie maji ya klorini mpaka palowe, nisubiri, ndipo nifute kwa kitambaa. Matundu yote tuzibe kwa waya na saruji.

Akapanda mwenyewe, akayaona magunia. Yalikuwa manane. Kila Agosti mahindi ya shamba la tambarare yalikuwa yanapanda pale kama kawaida, kana kwamba kengele ya shule italia na wote watarudi na njaa.

"Bibi, hapa mnakula watu wangapi?"

Nilitaka kusema tisa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mimi," nikasema.

Akageuza gunia moja moja. Magunia saba yalikuwa yametobolewa, na alisema hayafai kwa mtu wala kwa kuku. Kibarua alichimba shimo refu nyuma ya miti ya kahawa tukayafukia. Nimelelewa nikijua kutupa chakula ni laana, kwa hiyo niliangalia pembeni, nikalia, nikasingizia klorini. Gunia moja lililosalimika tulilimimina kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Mpaka mavuno mengine lilikuwa halijaisha.

Kazi ilichukua wiki nzima. Mwishoni nilimpigia mkwe wangu simu ya video. Alitaka kuona rafu, uvunguni mwa kitanda, darini, kila kona, kama watu wa forodha mpakani. Nilizunguka na simu magoti yakiniuma, na sikubisha. Alikuwa na haki, na mtoto ni wake.

"Mama," akasema, "tunakuja."

Walikaa siku tatu. Nilimpikia mtori wa ndizi na nyama, akala mabakuli mawili na kuomba jingine. Siku ya kwanza alinikabidhi mtoto mwenyewe, bila kuombwa, akaenda kulala. Nilikaa naye barazani asubuhi nzima. Mkono ukafa ganzi na sikuthubutu kuugeuza.

Asubuhi waliyoondoka nilitoa shuka zote nikazifua, nikapiga deki vyumba vyote kwa klorini, kama nilivyofundishwa. Shuka aliyolalia mtoto sikuifua. Iko chini ya mto wangu.