Ndevu za Mzee wa Kitanda cha Dirishani

Kinyozi huyu, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, alikuwa anaitwa Chapchap, na jina hilo hakuna aliyemwonea kumpa. Kichwa cha mtu mzima alikimaliza kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha, tena bila kumkwaruza mtu. Ukiingia kibandani kwake una haraka zako, ujue umefika kwa mwenye haraka kuliko wewe. Bado unatafuta pa kuweka mfuko wako, yeye ameshakufunga kitambaa shingoni.

Alikuwa Mkristo, na si yule wa kuvaa vizuri Jumapili halafu basi. Siku moja mchungaji alihubiri kwamba ukimpa Mungu fedha umempa kitu unachoweza kukitafuta tena, lakini ukimpa saa yako umempa kitu ambacho hakiuzwi duka lolote. Neno lile lilimkaa Chapchap moyoni. Alhamisi iliyofuata alifunga kibanda saa nane mchana, akatia mashine, taulo na chupa ya spiriti kwenye begi, akaenda hospitali, wodi ya wanaume, kuomba awanyoe wagonjwa bure. Muuguzi mkuu alimtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Karibu, baba. Wengine hapa hawajanyolewa tangu waletwe."

Na ilikuwa kazi ya huruma kwelikweli, tusimwonee mtu wa watu. Mgonjwa aliyelala mwezi mzima hujichukia mwenyewe, lakini ukimnyoa vizuri anaomba kioo. Wapo waliomshika Chapchap mkono wakalia, naye akalia nao. Miezi ile ya mwanzo alikuwa anawauliza majina ya watoto wao, anawaombea mmoja mmoja, kichwa cha mtu kikiwa bado mikononi mwake.

Lakini binadamu ni binadamu. Kanisani wakaanza kumsifu. Mzee wa kanisa akimwona mlangoni anauliza, "Alhamisi hii wangapi?" Anajibu, "Tisa." Wiki nyingine, "Kumi na mmoja." Sasa wewe ukiulizwa idadi kila Jumapili, utake usitake, utaanza kuitafuta. Sala ya mtu mmoja mmoja ikawa sala moja ya wodi nzima, anaiomba amesimama katikati ya vitanda, mashine mkononi. Lile swali la "unatakaje, baba?" likafa lenyewe, kwa sababu mgonjwa ukimwuliza atataka kueleza, na akieleza, dakika tano zimekwenda. Akawa anashika kichwa, ananyoa, anapangusa, anasema Mungu akuponye, anahamia kitanda kingine. Kilichobadilika hakukiona. Yeye alijiona anazidi kuwa na moyo.

Sasa ikaja Alhamisi yenyewe. Mpaka saa kumi kasoro robo alikuwa amekwisha kunyoa kumi na wawili, na saa kumi ndipo wageni huruhusiwa kuingia. Kilibaki kitanda cha dirishani. Hapo alikuwa amelala seremala mmoja mzee, amepigwa na kiharusi wiki tano nyuma. Upande wake wa kulia haukuwa na nguvu tena na ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Akabaki na macho na mkono wa kushoto. Alikuwa na ndevu nyeupe, nyingi, zimeshuka mpaka kwenye kola, ndevu za mtu aliyezitunza miaka na miaka. Chapchap alikuwa amemruka Alhamisi zote zilizopita, maana ndevu kama zile zingemla robo saa. Siku hiyo akasema potelea mbali, huyu ndiye wa kumi na tatu, na kumi na tatu alikuwa hajawahi kufika.

"Mzee wangu, leo tunaufyeka huu msitu," alisema, mashine imeshawaka.

Mkono wa kushoto ukapiga godoro. Pu, pu. Ukatulia kidogo. Pu, pu tena. Chapchap alidhani ni mtetemo wa ugonjwa, amewaona wengi wa namna hiyo. Akauchukua ule mkono kwa upole kabisa, akauingiza chini ya shuka, na shuka akaichomeka chini ya godoro ili mkono usije ukagonga mashine. Mzee akageuza uso. Chapchap akaurudisha. "Tulia, baba yangu, nakaribia kumaliza." Machozi yakamtoka mzee, na Chapchap, Mungu amsamehe, akafurahi. Alifikiri ni yale ya shukrani.

Saa kumi mlango ukafunguliwa. Chapchap alikuwa kitanda cha pili anakung'uta taulo lake alipoingia mama mmoja wa umri wa kuitwa bibi, ameshikwa mkono na muuguzi kijana. Alikuwa mke wa yule mzee. Kisukari kilimpofusha miaka tisa iliyopita, haoni hata kivuli. Kila siku binti yao alikuwa anamfikisha mlangoni, kisha anakimbilia kazini, na muuguzi anampokea. Muuguzi akamsimamisha kando ya kitanda, akageukia mgonjwa aliyekuwa anaita.

"Nimefika, baba watoto," mama alisema. "Jua la leo lina hasira." Akainama, akanyoosha mkono kwenye uso wa mumewe.

Mkono ukagusa shavu, ukasimama. Ukashuka kidevuni, ukapapasa, ukarudi shavuni. Halafu akauvuta kama aliyegusa jiko.

"Huyu siye," alisema. "Muuguzi, huyu siye mume wangu. Mmemweka wapi?"

"Ndiye, mama. Kitanda chake ni hikihiki."

"Mwanangu, usinifanye mtoto. Mume wangu mimi namjua. Kama amekufa niambieni amekufa."

Akakaa chini sakafuni palepale, akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha msiba, kile cha kutoka tumboni. Mzee alikuwa anamwona. Ulimi hana, na mkono wake mzima umebanwa chini ya shuka. Alikuwa amelala pale, hai, anamtazama mkewe akimlilia maiti. Ilichukua muda mrefu, wa kuumiza, mpaka muuguzi alipoichomoa ile shuka, akautoa mkono wa mzee na kuutia kwenye kiganja cha mkewe. Mkono ukagonga kiganjani. Mama akanyamaza ghafla, akaushika kwa mikono yote miwili, akauweka shavuni.

"Nani amemnyoa?" aliuliza baadaye, sauti imekauka.

"Ni kinyozi wetu wa kanisani, mama. Anajitolea."

"Anajitolea kwa nani? Alimwuliza?"

Chapchap alikuwa nyuma ya pazia la kitanda cha pili, begi begani. Hatua sita. Alizipima kwa macho: hatua sita tu, aende aseme ni mimi, mama, nisamehe. Hakuzipiga hata moja. Aligeuka akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea shuka chafu, akaenda zake kama mwizi wa kuku.

Jioni ile sahani aliisukuma kando. Mkewe akamwuliza, "Leo wangapi?" Akajibu, "Kumi na watatu," akajiona mchafu kusema hivyo. Ijumaa na Jumamosi alinyoa wateja wake huku anasikia kile kilio. Mteja mmoja alimwuliza kama anaumwa, maana alikuwa anamnyoa taratibu.

Jumapili ndiyo ilimmaliza. Mchungaji alimwita mbele, bila kumwonya, atoe ushuhuda wa huduma yake. Akiwa anapita katikati ya mabenchi, Chapchap alijiapiza kwamba leo atasema yote. Akapanda, akashika kipaza sauti, akasema, "Bwana asifiwe." Wakaitika. Akatazama zile nyuso zote zinazomtabasamia, akajisikia anasema, "Alhamisi hii Bwana ametuwezesha kuwahudumia watu kumi na watatu." Vigelegele. Akarudi kukaa, masikio yanamuwaka moto, hawezi kumtazama hata mtoto wake. Kukimbia wodini ilikuwa aibu moja. Hii ilikuwa ya pili, na hii aliitenda madhabahuni, mchana kweupe, kwa mdomo wake.

"Umetoa ushuhuda kama mtu anayekimbia mvua," mkewe alimwambia walipofika nyumbani. "Kuna nini?"

Akamweleza, ameinamisha kichwa, hakuacha kitu. Alitegemea aambiwe pole, au aambiwe ulikuwa na nia njema. Mkewe aliendelea kukunja nguo.

"Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mimi nina ndevu?"

"Najisikia vibaya, mke wangu."

"Ujisikie. Yesu alimwuliza kipofu anataka afanyiwe nini, na alikuwa anamwona kabisa kwamba ni kipofu. Wewe haraka ya kumpita Yesu umeipata wapi?" Akaweka shati juu ya mengine. "Kesho nenda. Na hilo begi liache hapa."

Jumatatu saa tisa na nusu Chapchap alifunga kibanda, wateja wawili wakabaki wanatazamana. Akaenda mikono mitupu, na njia nzima mikono ile ilimsumbua, hajui aiweke wapi. Alipoingia wodini saa kumi na dakika chache, mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha dirishani, mkono wa mumewe mapajani mwake. Uso wa mzee ulikuwa umeanza kutoa vinyweleo vyeupe. Bila ndevu ulikuwa mdogo sana. Chapchap aliona haya kuutazama, kama amemfungulia mtu mlango anaoga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Kinyozi."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti. "Wa Alhamisi?"

"Huyohuyo."

"Ulikuwepo nilipokuwa nalia?"

Swali hilo hakulitegemea. Njia nzima alikuwa amejipanga kwa ajili ya ndevu. Akatamani kusema alikuwa ameshaondoka, na uongo ulifika kabisa kwenye ncha ya ulimi. "Nilikuwepo," akasema. "Nilisimama nyuma ya pazia. Nikatoka kwa mlango wa nyuma."

"Ahaa," alisema mama. Ahaa ile ilimwuma kuliko kofi.

"Macho yangu yalikwenda zamani," mama aliendelea, taratibu, bila kupandisha sauti. "Sauti yake imechukuliwa juzi juzi. Tulikuwa tumebakiwa na uso wake na mkono wangu, basi. Ndevu zitaota, sina ugomvi na ndevu. Lakini yeye alikukataza."

"Mama, mzee haongei."

"Haongei, lakini anajibu. Akigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Wauguzi wanajua. Anayefagia hapa anajua. Wewe umeingia wodi hii Alhamisi ngapi?"

Chapchap akaisikia upya ile pu, pu kwenye godoro. Mzee alimwambia hapana. Alimwambia tena hapana. Naye akauchukua ule mdomo wake pekee uliobaki, akaufunika kwa shuka, akaichomeka vizuri, kwa upole, huku anamwita baba yangu. Akajikuta amepiga magoti sakafuni, palepale alipokuwa amekaa yule mama siku ile, anamwomba msamaha kwa maneno yasiyo na mpango.

"Sasa mbona unaniangukia mimi?" mama alimkatiza. "Mwenye uso ni huyo hapo. Mwulize mwenyewe."

Akainuka, akageuka. Kwa mara ya kwanza akamtazama yule mzee machoni. Yalikuwa macho makali, ya mtu aliyesimamia mafundi maisha yake yote.

"Mzee wangu, nimekukosea. Unanisamehe? Au unahitaji muda kwanza? Au kama kuna kitu naweza—"

"Uliza moja, halafu ngoja," mama akasema. "Huyu si karani wa mahakama."

"Unanisamehe?"

Mkono uliinuka kutoka mapajani mwa mama, ukashuka kwenye godoro. Pu, pu.

Chapchap akamgeukia mama, akitumaini labda atalainisha, aseme mzee amechoka, aseme njoo kesho. Kanisani watu walisameheana kabla kwaya haijamaliza ubeti. Mama hakulainisha kitu.

"Umejibiwa," alisema.

"Nimejibiwa," Chapchap akasema. Hakubishana na jibu lile. Alijua ni haki ya mzee. Alisimama pale, mikono inaning'inia, na kwenda hakutaka. Akatafuta swali jingine, dogo, ambalo mtu anaweza kulikataa bila taabu.

"Naweza kukaa nanyi kidogo?"

Mkono haukutikisika. Chapchap akangoja. Muuguzi akapita na toroli la dawa, akarudi nalo. Mgonjwa wa kitanda cha tatu akakohoa, akapewa maji. Mara mbili Chapchap alifungua mdomo aongeze neno, mara mbili akaufunga. Mzee alikuwa anamtazama bila kupepesa.

Kisha mkono ukagonga godoro, mara moja.

Chapchap akangoja pigo la pili. Halikuja. Akavuta kigoda kutoka kitanda cha jirani, akakaa.