Bi Subiri na Darasa la Mikono

Sauti ya kwanza kumkimbia ilikuwa ya birika. Lilichemka mpaka maji yakakauka, na Bi Subiri amesimama pale pale jikoni akikata vitunguu, hana habari. Mumewe ndiye aliyekuja mbio akifuata harufu ya kuungua.

"Mama, umelala umesimama?"

Akacheka, lakini mkono ulimwenda sikioni. Masikio ndiyo yaliyomlisha maisha yake yote. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, akiunganisha laini na kuwaambia watu "subiri kidogo", hadi jina lake la kuzaliwa likasahaulika mtaani. Aliweza kumtambua daktari kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema.

Mtaalamu wa masikio hakumung'unya maneno. Usikivu wake ulikuwa unakufa, sikio la kulia na la kushoto. Kifaa kingemsaidia kwa muda, kisha nacho kingebaki pambo.

Binti yake akamtafutia darasa. Kwenye ukumbi wa mtaa kulikuwa na masomo ya wastaafu: chumba kimoja kompyuta, kingine kushona, na kile cha mwisho, karibu na stoo ya viti, lugha ya alama. Mwalimu alikuwa kiziwi tangu utotoni, mwanamume mrefu mwenye mikono iliyotulia. Siku ya kwanza aliwakalisha nusu duara, kila mmoja amwone mwenzake, kisha akaandika ubaoni: asiyesikia haupi mlango mgongo.

Mumewe, seremala mstaafu, alichukia.

"Uziwi wenyewe haujafika, wewe umeshaanza kuusomea. Huo ni uchuro."

"Daktari kasema unakuja, baba."

"Basi uje wenyewe. Kwa nini uende kuupokea mizigo kituoni?"

Akawa anafanya mazoezi kwa kujificha, maana mumewe akimkuta humuuliza kama anafukuza nzi. Na uziwi ulikuja kweli, bila haraka, kama mtu anayehamisha vyombo vya nyumba ya mwenzake. Ulichukua mvua juu ya bati. Ulichukua mlango wa nje. Mezani mumewe aliongea kainamia sahani, naye akaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, mpaka siku moja akamwona mumewe amemkazia macho. Hakujua alikuwa ameitikia nini.

"Jifunze japo machache," alimsihi. "Nikizibika kabisa tutaongeaje?"

Seremala akajigusa shingoni. "Nitapaza sauti. Koo ninalo."

Jumamosi moja asubuhi mzee wake akaingia kuoga. Bi Subiri akavua kifaa chake cha sikioni, kwa kuwa kilikuwa kinamlilia kama mbu, akaketi chumbani mbele ya kioo cha kabati, penye mwanga wa dirisha. Mlango ulikuwa nyuma yake. Alikuwa akirudia alama za jamaa: dada, mkwe, mjukuu. Zilimtoka vizuri siku hiyo, akajitabasamia kiooni.

Kisha nyayo zikalowa.

Aligeuka akakuta maji yanaingia kwa chini ya mlango, yanatambaa sakafuni. Akakimbia. Mzee alikuwa amelala kiubavu bafuni, bomba likimwaga, mdomo umepinda upande, mkono wa kushoto umeshika ndoo ya bati. Ukutani plasta ilikuwa imebomoka pale alipokuwa akigonga kwa ndoo hiyo.

Jirani wa ukuta wa pili alisema baadaye kwamba alisikia makelele na kugongwa kule, kwa muda mrefu tu, akadhani wameita fundi bomba.

Kiharusi kilimwacha hai. Akili yake ilikuwa timamu, lakini mkono wa kulia ulikufa na ulimi ukakataa kazi. Binti akamwambia mama yake, akitamka polepole asomwe midomo, "Darasani usiende tena, Mama. Baba haachwi peke yake." Bi Subiri hakubisha. Nyumba ikawa ya watu wawili, mmoja hasemi, mwingine hasikii, na macho ya mzee yakimfuata kila alikokwenda.

Alasiri moja mwalimu akaja kumjulia hali. Akavuta kigoda mbele ya mgonjwa na kumwonyesha alama kwa mkono wa kushoto peke yake: maji, maumivu, choo. Seremala, yule yule wa uchuro, akautazama ule mkono kama anayepima ubao. Kisha akainua wake.

Alijifunza upesi kuliko mkewe. Baada ya wiki si nyingi aliomba chai, alimtania binti kuhusu chumvi, akalalamikia mto. Bi Subiri akaanza kupata usingizi. Ndipo mzee akataka alama moja asiyoijua. Akagusa koo, akamnyooshea mkewe kidole, akapiga mkono wa kiti.

"Kuimba?" Akatikisa kichwa. "Kulia?" Hapana.

Bi Subiri akatupa jicho kwenye mlango wa bafu. "Kuita?"

Ndiyo. Akamfundisha. Angefanyaje?

"Nilikuita," mzee akasema kwa mkono.

"Sikusikia," akajibu kwa mikono yake.

Aliirudia kesho yake, kabla ya chai. Na kesho kutwa. Uso wake haukuonyesha hasira wala msamaha, na Bi Subiri, aliyewahi kuwajua watu kwa pumzi, hakuweza kujua mumewe alitaka nini.

Sasa huenda naye darasani, akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Juzi mwalimu aliomba kila mwanafunzi atunge sentensi yake mwenyewe. Zamu ya seremala ilipofika, alimgeukia mkewe kwanza. Bi Subiri aliijua kabla mkono haujanyanyuka.

Ilitoka safi, bila kosa. Darasa zima likafurahi, likainua mikono na kuitikisa juu, ndivyo wasiosikia wanavyopigiana makofi. Mumewe alikuwa bado anamtazama. Bi Subiri naye akainua yake, akaitikisa pamoja nao.