Jiwe la Jiko la Koko

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nilichokiona nikiwa mtoto mdogo, je, kinaweza kusimama mbele ya neno la profesa? Nilikuwa bado nikiligeuza kichwani pale harufu ya maharage na moshi wa mkaratusi iliponifikia kutoka jikoni kwa jirani yetu, Mama Kavira, ikanirudisha utotoni.

Vita vilikuwa vimetulia, ingawa hakuna aliyethubutu kusema vimekwisha. Mama Kavira alikuwa amefika mjini kwetu, Bunia, na wanawe kutoka Butembo, na bibi yangu, Koko, akampa shamba la kulima. Kwetu shamba halikutolewa kwa maneno matupu. Koko alichomoa jiwe moja kati ya mafiga yake matatu, jeusi kwa masizi, akamkabidhi. Siku hiyo sote tulikula kwa Mama Kavira, maana jiko la Koko lilibaki na miguu miwili.

Prof alikuwepo. Alikuwa mtaalamu wa mila, mtoto wa mji huu huu, na aliuliza maswali mpaka kuku wakachoka kumsikiliza.

"Koko, sasa huyu mama atakuwa mugeni mpaka lini?"

Koko alicheka hadi machozi. "Weye Prof, masomo imekumaliza akili! Mutu anakupikia na jiwe yako, bado unamwita mugeni? Jiwe ya jiko haiombwaka." Yaani, likishatolewa halidaiwi tena.

Wiki nzima sisi watoto tulimwigiza: "Koko, na huyu kuku, ni mugeni mpaka lini?"

Baadaye Prof aliingia siasa. Akawa mbunge, kisha mshauri wa gavana, na sasa anaongoza tume ya mashamba, inayoamua shamba lipi ni la nani. Juzi nilimsikia redioni akisema kwamba kwa mila yetu jiwe la jiko ni la kuazima tu. Aliyelitoa akifa, warithi wake hulichukua pamoja na shamba. Akamtaja Koko, marehemu, kuwa ndiye aliyemfundisha! Warithi hao ni sisi. Baba mkubwa ameshaanza kupima shamba la Mama Kavira. Nami nina diploma, sina kazi, na ofisi ya Prof ndiyo iliyoniahidi moja.

Utotoni nilidhani Prof haelewi. Sasa najua alielewa kuliko sisi wote, na hicho ndicho kinachonichoma. Asiyejua huelezwa. Lakini huyu, aliyekula maharage yale pamoja nasi na kuomba kuongezewa, nimweleze nini?

Asubuhi nilivuka uzio. "Mama Kavira, niazime ile jiwe."

Alinikodolea macho. "Haiombwaka, weye!"

"Nitairudisha leo leo."

"Na maharage yangu?"

Tukangoja yaive. Kisha nililifunga jiwe katika kitenge, nikapanda pikipiki hadi ukumbi wa tume, ambako kikao kilikuwa kikiendelea, nikaliweka mezani mbele ya Prof. Lilikuwa bado la moto.

"Prof," nikasema, watu wote wakisikia, "siku ile uliuliza mugeni ni mpaka lini. Waambie Koko alikujibu nini."