Vichwa Viwili kwenye Sinia Moja

Sinia la mama mkwe wangu limo katika nyumba yetu ya Bigo tangu tulipooana. Ni refu, la bati jeupe, na rangi imebanduka kwenye ukingo. Lina kazi moja tu: kupokea watu wanaokuja kuomba binti. Juu yake hulazwa kapiteni mzima, yule samaki mkubwa wa Ziwa Albert, anayeanzia mwisho mmoja wa sinia na kuishia mwisho wa pili. Kichwa huwekwa mbele ya mkubwa wa wageni. Akikila, maneno yamekwisha vizuri. Akikiacha, watarudi siku nyingine na madai mapya.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yetu wa kwanza. Familia ya kijana wanatoka Nyankunde, ni watu wa ng'ombe. Aliyepangwa kusema kwa niaba yao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee anayejulikana kwa kuacha vichwa. Alikuwa amekwisha kuacha viwili katika nyumba za watu tunaowafahamu. Mmoja wa mabinti waliokuwa wakiombwa yuko kwao mpaka leo. Binti yetu alilijua hilo, na wiki ile hakula vizuri.

Nilipima sinia kwa kamba, nikaenda nayo sokoni ili nisikosee. Kapiteni wote waliokuwapo waliishia katikati ya kamba. Mama mmoja muuza samaki aliitazama.

"Papa, unatafuta samaki ao unashona suruali?"

Nikampigia simu mdogo wangu, mvuvi wa Tchomia. Yumo katika komite ya wavuvi waliofunga ghuba ndogo ambamo samaki huzaa. Hakuna anayetega nyavu mle. Kwa hiyo, samaki wakubwa waliobaki wako mle.

"Moja tu," nikamwambia. "Juu ya ndoa ya mutoto wako."

"Yaya," akasema, kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, "wale wakubwa njo mama. Mukubwa moja anataga mayai kupita wadogo wengi. Ukimutosha mu maji, umetosha na watoto yake yote."

Yalikuwa maneno yangu. Nilimfundisha mimi, miaka iliyopita, kutoka katika kitabu cha samaki nilichokisoma mara mbili, wakati yeye bado anavua kwa nyavu za matundu madogo na kuniona mtu wa kuchosha. Aliyarudia kwa mpangilio ule ule. Sikupata pa kumkosoa.

Siku ya wageni mdogo wangu alifika asubuhi kwa pikipiki, kikapu kimefungwa nyuma. Ndani mlikuwa na kapiteni wawili wa urefu unaoruhusiwa. Mke wangu aliwatazama, kisha akamtazama yeye.

"Shemeji, weye ulivua ao uliokota?"

Akawapika, akawalaza mmoja nyuma ya mwingine. Pale mkia wa kwanza ulipokutana na kichwa cha pili, alifunika kwa vitunguu na nyanya. Kutoka mlangoni alionekana samaki mmoja mrefu.

Mzee hakukaa mlangoni. Alinawa, akaketi mbele ya sinia, akasogeza vitunguu kwa kidole.

"Kwetu Nyankunde, samaki iko na kichwa moja."

Binti yetu alikuwa amesimama na jagi la maji, hamimini.

Mdogo wangu alijibu kabla sijapanga maneno. "Muzee, mukubwa iko. Iko mu ghuba yenye tulifunga. Miye njo nilikatala kumuvua."

Mke wangu alifumba macho.

"Hata juu yetu?" mzee akauliza.

"Hata juu ya yaya yangu. Njo huyu hapa, umuulize."

Nilisema ni kweli.

"Huyo mukubwa iko na mimba?"

"Iko na mayai, muzee. Mingi."

Mzee alifikiri. "Ng'ombe ya mimba siye hatuchinjake, hata askofu akikuja."

Akavuta kichwa cha kwanza, akakila polepole, pamoja na macho. Binti yetu akaanza kumimina maji. Kisha mzee akavuta kichwa cha pili. Hicho kilikuwa changu, kama baba wa binti, na nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono. Nikaupeleka kwenye fufu, ugali wetu wa muhogo.

Wageni walipoondoka, mke wangu aliliosha sinia.

"Amekubali mara mbili," akasema.

"Kwa mutoto wa pili, munaweza kuuza sinia ya kadogo," akasema mdogo wangu, ambaye kwake kuuza ni kununua.

Mke wangu alilifuta sinia, akalirudisha juu ya kabati.