Isale kwa Baba

Baba yangu aliacha vidonge vya presha kwa sababu ya simu tuliyompelekea sisi wenyewe, dada yangu na mimi, ili awe anawaona wajukuu. Nilipopanda kijijini kwake Mkuu Jumamosi ile kutoka Moshi mjini, majirani walikuwa wamemwokota kwenye migomba, ameanguka kwa kizunguzungu. Vidonge vilikuwa kabatini, havijaguswa.

"Shikamoo baba. Mbona dawa hunywi?"

"Marahaba. Hizo zinaua figo. Kila mtu anasema."

"Kila mtu nani?"

Akaninyooshea simu. Tukakaa kwenye kochi tukaangalia wote. Bwana mmoja mwenye koti jeupe anasifia majani yake ya kuchemsha. Akimaliza anakuja mama aliyepona, kisha mchungaji, kisha bwana yule yule tena, na hakuna hata mmoja wa kuwabishia. Kumbe siku moja baba alimsikiliza mmoja wao hadi mwisho, basi, simu ikashika hapo hapo. Ikawa inamletea hayo hayo asubuhi mpaka jioni. Nikamfungulia ya kwangu: mapishi, vitenge, vichekesho vya Dar.

"Unaona, baba? Mimi siletewi haya."

"Basi wewe wanakuficha," akasema, tena kwa huruma kabisa.

Nilikasirika, na sikuwa na wa kumgombeza. Mzee wa watu anaamini anachokiona kwa macho yake.

Jumapili akaenda misa ya kwanza, simu akaiacha kwenye chaji. Dada, niliyekuwa nimeshamsimulia yote, akanipigia kutoka kwake Soweto, mtaa wa hapo Moshi mjini. "Ishike sasa hivi. Kila video ya dawa bonyeza kwamba hutaki, halafu tafuta kwaya na mpira. Itazoea hizo. Wala hatajua."

Hilo la hatajua ndilo lililonichoma. Simu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilitaka baba apone, Mungu anajua, lakini hata hao wanaomchagulia cha kuona bila kumwambia watasema wanampa anachopenda. Na mimi nianze kumchagulia kwa siri? Nikairudisha kwenye chaji. Dada akaniita mjinga, akakata. Huenda kweli ni ujinga, maana baba akianguka tena nitamwambia nini mtu?

Nikachukua kisu, nikaenda mpakani mwa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, nikakata jani la isale. Kwetu Uchaggani mtu akikuletea isale anakuomba kwa moyo wote, na kumkatalia ni jambo zito mno. Watu wameshasameheana hata damu kwa jani hilo. Baba aliporudi kutoka kanisani nikampa kwa mikono miwili, machozi yakinitoka. Akalipokea.

"Umenifunga, mwanangu."

Akaomba maji, akameza kidonge mbele yangu.

Tangu siku hiyo anameza kila asubuhi, na kizunguzungu kimepungua. Simu nayo hajaiacha, bado anamsikiliza bwana wa koti jeupe. Juzi nilimpigia kumuuliza kama amekunywa dawa.

"Nimekunywa, kwa heshima ya isale," akasema taratibu. "Najua unaniua, mwanangu, ila hujui unachofanya. Nimeshakusamehe."