Dakika Tisa Mlangoni

Saa moja na robo asubuhi, fundi ameinamia beseni la chuma na anasikiliza. Ndani ya beseni kuna bushi, yaani pete nene ya chuma inayokaa katikati ya pampu, kubwa kama sufuria ya familia. Kimiminika kinachoizunguka kinatokota kwa fujo na kumwaga ukungu mweupe mpaka sakafuni. Hakuna moto popote. Kinachotokota ni baridi.

“Bado,” anasema.

“Fundi, unafanya kazi au unapika?” anauliza mwenzake aliyeshika kulabu mbili ndefu.

“Napika. Wewe shika vijiko, usimsemeshe mpishi.”

Mara kelele inapungua. Mapovu yanakuwa machache, kisha yanakoma. Fundi anainua kidole. Chuma kikinyamaza, kimeiva. Wanaiopoa pete, nyeupe kwa theluji, na kuishusha ndani ya tumbo la pampu kubwa ya maji iliyolazwa kando. Jana isingeingia hata kwa nyundo ya ratili ishirini. Leo inateleza yenyewe, kwa sababu baridi imeifanya inywee kiasi cha unene wa unywele. Ndani ya dakika chache itapata joto, itatanuka na kung'ang'ania pale kwa miaka.

“Hapo hata shetani haitoi,” anasema, na kuvua glovu zake kwa kuzikung'uta tu. Ni kubwa kuliko mikono yake. Zimetengenezwa hivyo makusudi, ili kimiminika kikiingia mtu azitupe papo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo suruali yake haichomekwi kwenye buti. Inaning'inia kwa nje, tone likianguka liteleze mpaka chini.

Ana umri wa miaka hamsini na tisa. Kiwandani wanamwita Baridi, na jina hilo amelizoea kiasi kwamba akiitwa kwa jina lake halisi benki, hugeuka akiwa amechelewa. Elimu yake ni ya darasa la saba. Lakini muulize naitrojeni hugeuka kimiminika kwa nyuzi ngapi, atakujibu bila kupepesa kwamba ni nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri, na kwamba lita moja ikimwagika inakuwa karibu lita mia saba za hewa.

“Hiyo hesabu ya pili,” anasema taratibu, “ndiyo kila kitu.”

Kiwanda anachofanyia kazi huvuta hewa ya kawaida, hii tunayovuta wote bure, kikaikandamiza, kikaipoza mpaka iwe kama maji, kisha kikaitenganisha. Oksijeni inakwenda hospitalini na kwa wachomeleaji. Naitrojeni inakwenda kwa wenye viwanda vya chakula, kwa wahifadhi mbegu za ng'ombe, na katika karakana ya Baridi, ambako vyuma hunyweshwa baridi na kupimwa.

Mara moja moja huja kazi ya kupima valvu za roketi. Roketi nyingi hubeba oksijeni ya kimiminika, kwa hiyo valvu yake lazima ifunguke na kufunga vizuri katika baridi kali. Hapa huzamishwa kwenye naitrojeni na kufunguliwa mara mia kadhaa. Wenye kazi hiyo wanataka usafi usio na mfano. Vumbi kidogo au alama ya mafuta, ikikutana na oksijeni huko mbele, inaweza kuwa moto.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoingia kiwandani miaka sita iliyopita, na ndiyo iliyomchukua mdogo wake.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Baridi ndiye aliyemwingiza mdogo wake kiwandani, akamfundisha kusikiliza beseni. Mdogo huyo walimwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akila, akipanda ngazi, hata akiwa amevaa kinyago cha kazi. Mama yao husema aliongea mpaka usingizini.

“Zilipokuja valvu za roketi alitamba mtaa mzima,” Baridi anakumbuka. “Alisema, ‘Kaka, kazi ya mkono wangu inakwenda mahali ambapo hata rais hajafika.’ Nikamwambia, ‘Kwanza kafike kazini mapema.’”

Anacheka kidogo. Kicheko hakifiki mbali.

Valvu zilipimiwa katika chumba cha chini, ngazi tano kutoka uwanjani. Ili vumbi lisiingie, feni ilizimwa na matundu yote ya hewa yakazibwa kwa nailoni. Chumba kilikuwa safi kama kikombe kipya. Beseni likaachwa wazi kati ya zamu moja na nyingine, na naitrojeni ikaendelea kupanda polepole, saa baada ya saa, ikiisukuma nje hewa ya kuvuta. Haina rangi wala harufu. Mtu akivuta pumzi mbili tatu za naitrojeni tupu, anaanguka kabla hajajua kwamba kuna tatizo.

Kasuku alishuka baada ya chai ya asubuhi. Kipima hewa, kile kidude kidogo kinacholia hewa ikipungua, kilikuwa juu ya meza, kinachajiwa.

Baridi alifika mlangoni dakika chache baadaye, akamwona amelala kifudifudi kando ya beseni, hatua sita tu kutoka aliposimama.

Sheria ya kiwanda iko wazi: usiingie. Katika ajali za aina hii, anayekimbilia kuokoa mara nyingi ndiye anayekuwa maiti ya pili. Lazima wasubiriwe wenye mitungi ya kupumulia. Siku hiyo mitungi ilikuwa ndani ya kabati upande wa pili wa uwanja, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa getini akipokea mzigo. Ilichukua dakika tisa.

Dakika zote tisa, Baridi hakuingia.

“Ningeingia, mama angezika wawili,” anasema. “Najua hivyo kichwani. Lakini hapa,” anagusa kifua, “hapajui.”

Tangu mazishi, mama yake hakumsemesha.

Mama huyo, mwenye miaka themanini na mitatu, anaishi kwa Baridi, katika chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Hakuhama wala hakugombana. Aliacha tu kusema naye. Akiwa na neno, alimpa mke wa Baridi, ambaye ni fundi cherehani na hushinda nyumbani.

Mwaka jana Baridi alikuwa na kikohozi. Alikuwa ameketi sebuleni, hatua mbili kutoka kwa mama yake, akikohoa.

“Mkwe wangu,” mama akasema, “mwambie mumeo aende hospitali.”

“Mama, si huyu hapa? Anakusikia.”

“Najua anasikia. Hata siku ile alisikia.”

Hapo ndipo penye jeraha. Mama alikubali yote aliyoelezwa na wakubwa wa kiwanda waliokuja na barua na mfuko wa unga. Aliyakubali malipo ya bima, ambayo yalitosha kusomesha binti wa marehemu miaka miwili. Jambo moja lilimshinda. Alimuuliza mkwe wake mara nyingi, Baridi akiwa palepale: “Muulize mumeo, Kasuku aliyekuwa akiongea hata usingizini, anaweza kufa bila kuita?”

Kwa miaka sita aliamini kwamba mwanawe mdogo aliita, na mkubwa akasikia, akasimama.

Mwezi wa pili mwaka huu, daktari alimwambia kwamba moyo wake umechoka. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwita mkwe wake. “Mwambie mumeo nataka kuuona huo mlango.”

Kupata ruhusa haikuwa rahisi. Mhandisi wa usalama, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeajiriwa baada ya msiba, alizunguka ofisi tatu mpaka ikapatikana sahihi. Siku ilipofika, mama aliingia getini na mkongojo wake, akavalishwa kofia ya plastiki iliyomzidi kichwa, akawekewa kiti juu ya zile ngazi tano, mbele ya mlango.

“Bibi,” mhandisi akamwambia, “kila anayeanza kazi hapa tunampa somo la mshumaa. Naomba nikuonyeshe.”

“Nani, wewe? Afanye yeye,” mama akasema, akimwelekezea Baridi mkongojo.

Baridi alimimina naitrojeni kidogo kwenye ndoo yenye kina. Ukungu ukajaa, ukamwagika pembeni. Akangoja mpaka ukaisha kabisa.

“Unaona nini ndani, bibi?” mhandisi akauliza.

“Ndoo tupu.”

“Kuna harufu?”

Mama akasogeza pua kidogo. “Harufu ya ndoo.”

Baridi akawasha mshumaa mfupi uliofungwa kwenye waya, akaushusha. Ulipopita ukingo tu, mwali ukatoweka. Haukuyumba wala kulia. Ukabaki utambi na uzi mwembamba wa moshi.

“Rudia,” mama akasema.

Akarudia.

“Tena.”

Mara ya nne aliuchukua waya mwenyewe, akaushusha polepole kuliko mwanawe. Kama vile mkono mwororo ungeweza kubadilisha jambo. Mwali ukazimika palepale. Akaushikilia mshumaa ule mapajani kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kuuomba.

Kisha akamgeukia Baridi. Hakumgeukia mkwe wake, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

“Ulisimama hapa?”

“Hapa, mama.”

“Hakuita?”

“Hakuita. Nilimkuta ameshalala.”

“Wewe je? Ulimwita?”

“Nilimwita mpaka sauti ikanikauka.”

Mama akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Akainuka, akakung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye nguo yake, akasema amechoka. Njiani kurudi hakusema kitu tena, na Baridi aliyekaa mbele hakugeuka nyuma hata mara moja.

“Nilidhani ndiyo imekwisha,” anasema. “Maneno yangu ya miaka sita nilikuwa nimeshayapata, machache, lakini nimeyapata.”

Jumapili iliyofuata, saa kumi jioni, sauti ilitoka chumba cha mbele ikamwita. Mkewe alisimamisha cherehani. Baridi aliingia akakuta mama ameketi kitandani, kitambaa kichwani, kama anayemngoja mgeni rasmi.

“Kaa. Nieleze hizo dakika tisa. Moja moja. Usiruke kitu.”

Akamweleza ya kwanza: alivyofika mlangoni akidhani mdogo wake anatafuta kitu kilichoanguka, na alivyomtania, kabla hajaelewa. Alipofika mwisho wa hiyo, mama akainua mkono. “Basi. Nyingine Jumapili.”

Ya pili ilikuwa ya kukimbilia king'ora na kurudi. Ya tatu Baridi aliiogopa kuliko zote. Hajawahi kumwambia mtu nje ya kiwanda, na anaposimulia sasa, anaangalia viganja vyake.

“Niliwasha feni. Swichi iko nje ya mlango. Feni ikavuma, lakini hewa haikusogea hata kidogo, kwa sababu ilikuwa inavuma nyuma ya nailoni. Nailoni hiyo niliibandika mimi. Niliagizwa, lakini niliibandika kwa mkono wangu, vizuri, bila kuacha hata upenyo wa sindano. Nilisifiwa kwa usafi ule. Nikasimama naisikiliza inavuma bure.”

Alimweleza mama hivyo hivyo, bila kupunguza.

Mama hakusema basi. Aligeukia ukuta. Jumapili mbili zilipita bila wito, na nyumba ile ikarudi kwenye ukimya wake wa zamani. Baridi alianza kulala na redio imewashwa.

Mkewe, kwa huruma, alimshauri amfuate mama amalizie zote kwa mkupuo, maana hali ya mzee si ya kuchezea. Kuta hazikuwa nene. Mama akajibu kutoka chumbani kwake:

“Mwambie mumeo asikimbie. Nilimbeba yule miezi tisa. Nitashindwa dakika tisa?”

Jumapili iliyopita alimwita. “Ya nne,” alisema, bila salamu. Wakati Baridi akisimulia, mama alinyoosha mkono akashika ncha ya mkono wa shati lake, si mkono wenyewe, shati tu, na hakuiachia mpaka mwisho.

Siku za kawaida bado anatuma ujumbe kwa mkwe wake. Baridi halalamiki. Anachohesabu ni Jumapili.

Atastaafu baada ya miezi minne. Wenzake wanamuuliza atafungua duka au atafuga kuku. Posho yake ya mazingira hatarishi, anasema, inanunua mikate kumi na minne kwa mwezi, na kwa mtaji huo kuku watamcheka. Kiwanda kimehamishia mitungi ya kupumulia ukutani, kando kabisa ya mlango ule, bila kufuli. Yeye ndiye aliyetoboa matundu ya skrubu.

Mpango wake ni mmoja, na hauhusu kiwanda. Zimebaki dakika tano. Ya tano ndiyo alipoacha kuita. Ya sita na ya saba hazina kitu, ni kusimama tu, na hajui atazisimulia vipi. Ya nane ni miguu ya wenye mitungi ikikimbia uwanjani.

“Ya tisa walimtoa, nikampokea mimi,” anasema Baridi. “Niliketi chini pale juu ya ngazi, kichwa chake mapajani mwangu. Kilikuwa bado na joto. Mama hajui hilo. Anadhani alipokelewa na watu baki. Namwomba Mungu aniachie mama Jumapili tano.”